Alama za Njano za Lyle Kuzma

Kwa miezi mitano Verna Kuzma alifungasha visanduku viwili vya chakula cha mchana, na kwa miezi mitano hakuna aliyethubutu kumwambia neno.

Kila alfajiri ilikuwa hivyo hivyo. Anakata mkate, anapanga nyama baridi ya nguruwe na jibini, anapaka haradali. Kwenye mkate wa pili anaongeza duara tatu nene za kitunguu kibichi. Anafunga kisanduku cha kwanza, anafunga cha pili, anaviweka vyote kwenye kiti cha pikapu. Chenye kitunguu kilikuwa cha Lyle, mumewe. Lyle alikuwa kaburini tangu Agosti, nyuma ya kanisa la Mtakatifu Kasimiri. Moyo wake ulisimama akiwa anapalilia maharage, mkononi bado ana jembe.

Msimwone Verna punguani. Alijua vizuri kwamba mumewe amekufa. Jeneza alilichagua mwenyewe, na baada ya mazishi alikaa kwenye ukumbi wa kanisa akala kabichi na tambi walizopika akina mama, akamshukuru kila mmoja kwa jina. Habari ilimfika kichwani, lakini mikononi haikufika. Akiegesha gari mbele ya mtambo wa umeme alikofanya kazi ndipo alipoviona visanduku viwili, akavitazama kidogo, akavibeba vyote ndani.

Kila siku saa sita ikigonga, mfanyakazi mwenzake Dutch Haught alikuja kukaa mbele yake, akajivutia kisanduku cha pili bila kuomba, akala mpaka makombo.

"Umenishibisha, Verna."

"Haya."

Basi. Kisanduku kikarudi nyumbani kitupu, na mazungumzo ya siku yakawa yameisha. Watu wakimwuliza anaendeleaje, alijibu, "Nipo." Na kweli alikuwepo. Hakulia mazishini, hakulia Siku ya Shukrani, hakulia Krismasi. Alikuwa amekufa ganzi mwili mzima, kama mguu uliokaliwa kwa saa nyingi, ila mguu ukinyooshwa huchomachoma na yeye hakuchomwa na chochote. Baba Paroko alimwambia ni neema ya Mungu. Mimi nasema Baba Paroko hakuwahi kuoa.

Verna alizaliwa kwenye mabonde ya juu, upande wetu wa Ohio, binti wa mchimba makaa. Aliingia mtamboni mwaka wa sabini na saba kwa ufagio. Wanawake walikuwa watatu tu, na wanaume walikuwa na midomo michafu kuliko sakafu aliyokuwa akiifagia. Walimficha viatu, walimwandikia maneno kwenye kofia ya chuma. Lyle hakumficha kitu. Siku moja alimkuta amesimama mbele ya Boila ya Pili anaitazama, akamwuliza, "Unataka kujua inavyokula?" Akampa kioo cha buluu cha kuangalizia moto, akamfungulia kitundu cha ukutani. Mwaka uliofuata Verna aliacha ufagio akawa mzungukaji wa boila, na mwaka uliofuata tena wakaoana.

Boila ya Pili ilikuwa na vichomeo kumi na sita ukutani, safu nne za vinne vinne, kila kimoja kikipuliza unga wa makaa ya mawe tanuruni. Kila kichomeo kilikuwa na kilango chake cha hewa, na kilango kilikuwa na mpini wa chuma unaosogea juu ya kibati. Ni mpini huo uliokuwa ukisema moto upate hewa kiasi gani. Lyle aliwajua wale kumi na sita kama mwalimu anavyolijua darasa lake. A3 mlafi. C2 anapiga chafya. D4 hataki kuguswa wakati wa baridi. Kwenye kila kibati alipiga mstari wa rangi ya njano: hapa. Mtikisiko wa mitambo ukiusogeza mpini, mzungukaji anausukuma urudi kwenye njano. Kila saa mbili, kila zamu, kwa miaka kumi na minane, Verna alipita mbele ya vichomeo vile akisukuma.

Mwezi wa kwanza wa mwaka wa tisini na sita sheria mpya ya moshi ikaanza, na pamoja nayo akaja injinia Gwen Straub, mwanamke wa makamo, mpole, mwenye mafua yasiyoisha. Mafundi wake walikuwa wamekwisha kutoboa ukuta wa boila juu kabisa, orofa mbili juu ya vichomeo, wakaweka matundu mapya ya hewa. Asubuhi ya kwanza aliwakusanya watu wa zamu akawaeleza. Hewa tunayovuta, alisema, sehemu kubwa ni nitrojeni, na makaa nayo yana nitrojeni yake. Kwa kawaida haina neno na mtu. Lakini ukiipitisha kwenye moto mkali wenye hewa tele, nayo inaungua, inatokea kwenye bomba la moshi, na ule ndio ukungu wa kahawia unaolala bondeni kiangazi na kukaba vifua vya watu hadi majimbo ya mashariki.

"Kwa hiyo dawa ni kuunyima moto hewa," Dutch akasema. Dutch alikuwa mtu wa vinu vya kusaga makaa, mrefu, mwenye sauti ya tarumbeta, amebakiza miezi saba astaafu.

"Hatuunyimi, tunauchelewesha. Chini unapata kidogo, unawaka polepole, hauna joto la kuichoma nitrojeni. Ukipanda kwenye matundu ya juu unapewa hewa iliyobaki, unamalizia makaa yako."

"Mama yangu angenipa nusu sahani halafu aseme nyingine nikaile darini, ningehama nyumba."

Watu wakacheka. Gwen naye akacheka, akapenga kamasi. "Moto hauna miguu, Bwana Haught. Hautahama."

"Moto huo si moto. Umeutazama? Mrefu, mlegevu, rangi ya chai. Lyle angeutapikia."

Vicheko vikakatika. Wote wakajitia kutafuta kitu mifukoni. Verna peke yake alikuwa akimtazama injinia kama alivyokuwa akitazama kila kitu, na alipopewa karatasi ya maagizo aliitia sahihi mara moja. Karatasi ilisema mipini yote imewekwa mahali papya, karibu kufungwa, na hakuna ruhusa ya kuigusa.

Alama za njano zilibaki. Merle Binegar, msimamizi wa zamu, alisema zitafutwa baadaye. Alikuwa amebeba jeneza la Lyle, upande wa kushoto, na hakuwa na moyo wa kumtuma mtu na brashi.

Sheria ilikuwa namba moja tu, na mtamboni iliitwa kwa namba yake: hamsini, kipimo cha hewa chafu ya nitrojeni ambacho moshi haukuruhusiwa kukivuka. Zamani Boila ya Pili ilikuwa ikitoa tisini na kitu. Siku ya kwanza ya mpango mpya kipimo kilishuka kikasimama kwenye arobaini na nne, na Gwen akanunua donati za watu wote. Siku ya pili, saa nne asubuhi, kikapanda hamsini na saba. Akazunguka, akakuta mipini imefunguliwa, akairudisha. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa. Zamu nyingine zilikuwa salama. Ni zamu ya asubuhi tu, na baada ya mzunguko wa pili.

Ijumaa iliyofuata wapimaji wa serikali wangekuja kuchomeka mrija wao kwenye bomba la moshi. Merle alikasirika mpaka masikio yakaiva. Akatangaza kwamba huyo anayechezea mipini akipatikana atakabidhi kibao chake. Kwetu kila mtu ana kibao cha shaba chenye namba, anakivaa tangu siku ya kwanza kazini, na kukikabidhi kabla ya siku yako maana yake umetoka kwa aibu, na hakuna mtambo bondeni utakaokuajiri hata kufagia.

Aliwaita mmoja mmoja. Verna akakaa mbele ya meza yake, mikono mapajani.

"Nani anapita mbele ya vichomeo asubuhi?"

"Mimi. Na Dutch, akienda vinuni."

"Umemwona anagusa mpini?"

"Hapana." Akafikiri kidogo, kwa uaminifu tu. "Ila anapita pale. Na huo moto haupendi, kila mtu anajua."

Aliyasema hayo kama anayetaja saa. Hakumaanisha ubaya, na akiwa mlangoni alikuwa amekwisha kuyasahau.

Alhamisi, kabla zamu haijaingia, Merle na Gwen walichanganya chaki ya buluu na grisi wakaipaka chini ya mipini yote kumi na sita, upande usioonekana. Hawakumwambia mtu. Verna akafanya mzunguko wa kwanza, akafanya wa pili, akaandika joto na shinikizo kwenye ubao wake. Saa sita akavua glavu kwa kuzivuta viganjani, akaziweka kando, akafungua kisanduku. Dutch akajivutia chake.

"Verna," akasema.

"Nini?"

"Kanawe mikono."

Verna akatazama. Kwenye mkate wake mweupe palikuwa na alama za vidole vinne vya buluu. Akaona ni uchafu, na mtamboni uchafu si ajabu, akauma.

"Nimesema kanawe mikono, mwanamke! Na hizo glavu zitumbukize kwenye maji ya kusombea majivu, zinanuka."

"Umekuwa mama yangu leo?"

Dutch alifungua mdomo, lakini kipaza sauti kilimtangulia. Ilikuwa sauti ya Merle: zamu nzima ofisini, sasa hivi, kila mtu na glavu zake.

Walikuwa watu wanane, wamejipanga ukutani. Merle alianza na Dutch moja kwa moja, hata hakujisumbua kuficha.

"Weka glavu mezani."

"Siweki."

"Dutch, usinitie majaribuni."

"Miaka thelathini na tatu nimevumilia mavumbi haya, Merle. Nilikufundisha kufungua vali wewe, ulikuwa hujui kulia wala kushoto. Leo unikague kucha kama mtoto wa chekechea? Siweki, na hunifanyi kitu."

"Ninakufanya. Zionyeshe au utoe kibao."

Gwen akasema kwa sauti ndogo, "Bwana Haught, tafadhali. Ni glavu tu."

Dutch alimtazama, kisha akatazama dirishani. Alikuwa amezikunja glavu zake ndani ya ngumi, hazionekani hata uzi. Akapeleka mkono wa pili shingoni, akafungua mnyororo, akaweka kibao mezani. Mia moja na kumi na nane. Kiligonga kidogo, kikatulia.

Verna alikuwa wa mwisho ukutani. Hakuna aliyemtazama, na hakuna ambaye angemtazama. Mjane wa Lyle Kuzma, nani angemkagua? Akazitazama glavu zake mwenyewe. Kiganja cha kulia kilikuwa buluu tupu, kuanzia dole gumba mpaka kidole kidogo, mahali pale hasa ambapo mpini hukaa.

Akarudi nyuma kichwani atafute asubuhi yake. Alikumbuka ngazi. Alikumbuka joto na mvumo. Baada ya hapo hapakuwa na kitu, palikuwa peupe, na ghafla yuko ubaoni anaandika. Akatafuta asubuhi ya Jumatano, akakuta hivyo hivyo. Visanduku viwili, akafikiri. Mikono.

Angeweza kuziingiza mfukoni. Dutch angetoka nje, mlango ungefungwa, kesho mipini ingelindwa na mambo yangekwisha. Alilifikiria hilo kwa utulivu bila kuona haya hata chembe, na huko kutoona haya ndiko kulikomtisha. Ilikuwa hofu ndogo tu, lakini tangu Agosti hakuwahi kuhisi hata hiyo.

Akatoka ukutani, akaweka glavu zake juu ya kibao cha Dutch, kiganja juu.

"Ni mimi," akasema. "Nadhani ni mimi."

"Unadhani vipi?" Merle alitoa macho. "Verna, mtu hadhani. Amefanya au hajafanya."

"Sikumbuki, Merle. Lakini tazama."

Halafu Dutch akashusha pumzi ndefu, akazitupa mezani glavu zake alizokuwa amezing'ang'ania. Zilikuwa nyeusi kwa vumbi la makaa, hazina hata doa la buluu.

"Kaidi weye," akamwambia Verna. "Nilikwambia ukanawe."

Gwen akatoka. Alipanda mwenyewe mbele ya vichomeo, na aliporudi alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia pua lakini pua hakuifuta. "Mipini yote kumi na sita," akasema. "Iko juu ya mstari wa njano. Sawasawa kabisa. Hata mimi na vipimo vyangu siwezi kuiweka sawasawa hivyo."

Merle akaketi. Alimrudishia Dutch kibao bila kumtazama usoni. Kisha akasema zile alama sharti zitoke leo, kabla ya wapimaji, na atamtuma mtu. Akawatazama wanaume sita waliobaki ukutani. Kila mmoja alikuwa akichunguza viatu vyake.

"Nipeni brashi ya waya," Verna akasema.

Dutch alipanda naye, ingawa magoti yake hayakuzipenda zile ngazi. Yeye akashika safu mbili za juu, Verna za chini. Rangi ilikuwa ya miaka mingi, imeshikana na chuma, ikitoka inaanguka kama maganda ya yai. Walikwangua muda mrefu bila kusemezana kwa sababu ya mvumo. Walipokutana kwenye ngazi ya kati Verna akapaza sauti.

"Ulijua tangu lini?"

"Jumanne ya juma lililopita. Nilikuwa natoka vinuni nikakuona unasukuma. Ulikuwa unaongea."

"Nasema nini?"

"Namba tu. A moja, tayari. A mbili, tayari. Kama mlivyokuwa mkijibizana na yeye."

Verna akasugua kibati kilichokuwa kimekwisha kuwa safi. "Na hukusema."

"Ningesema nini? Nikuamshe?"

"Wangekufukuza, Dutch."

"Ningeanza kuvua kambare mapema, basi."

"Mimi nilimwambia Merle kwamba unapita pale."

"Alinieleza. Si napita kweli?"

Verna akamtazama yule mzee mrefu, jasho limechora mifereji kwenye vumbi la uso wake. Akauliza, "Na mikate yote ile?"

"Mikate ni mikate. Chakula hakitupwi." Dutch akageuka aendelee, kisha akarudi hatua moja, kama mtu anayeungama. "Ila kitunguu, Verna. Kitunguu kibichi sikiwezi tangu utoto. Kinaniwasha kifua mpaka jioni, mke wangu ananihamishia sebuleni."

"Mbona hukukitoa?"

"Ningekitoa ungekiona kwenye kisanduku."

Verna alimaliza D4 mwenyewe, aliyekuwa hataki kuguswa wakati wa baridi. Kisha akafungua kitundu cha ukutani akaweka kioo cha buluu jichoni. Gwen alikuwa amekwisha kuirudisha mipini, na moto ulikuwa kama Dutch alivyousema, mrefu, mlegevu, unapanda bila haraka na mwingi wake bado haujawaka. Hakuuona mbaya wala mzuri. Ulikuwa unakwenda juu tu. Akafunga kitundu.

Ijumaa wapimaji wakakuta arobaini na sita. Merle aliandika kwenye daftari la zamu mstari mmoja: mipini imerekebishwa, alama za zamani zimeondolewa. Kibao cha Verna hakukiomba. Jioni watu wakaenda kanisani kula samaki wa kukaanga, na Verna alikula wake akasema wana chumvi.

Jumatatu alfajiri alikata mkate. Akapanga nyama na jibini, akapaka haradali. Mkono wake ukaenda kapuni ukachukua kitunguu, ukakiweka kwenye kibao cha kukatia, ukashika kisu. Hapo ukasimama.

"Dutch hali kitunguu," Verna akasema kwa sauti.

Jikoni hapakuwa na wa kuambiwa. Akakitazama kitunguu kile kizima. Anayekila hayupo. Hakuna tena mtu duniani wa kukatiwa kitunguu hiki. Alitaka kukirudisha kapuni, lakini akajikuta sakafuni amekishika kwa mikono miwili anamwita Lyle. Akalia. Alilia kwa sauti mbaya, mdomo wazi, kilio cha Agosti na cha Krismasi na cha siku zote za katikati, mpaka mbwa wa jirani akaanza kubweka. Iliuma. Iliuma kila mahali, na hakutaka iache.

Siku hiyo alichelewa kazini dakika arobaini, mara ya kwanza katika maisha yake yote ya kazi. Macho yamevimba, visanduku viwili mkononi, cha pili hakina kitunguu, akapanda ngazi mbili mbili. Dutch alikuwa amesimama mbele ya vichomeo akimshikia mzunguko wake, mikono yote miwili ameitia mfukoni, asije akagusa mpini.